Pembe Nne za Kapeti

Sura ya Sita

Lango la ploti ya Mzee Lusweti lilipiga kelele mbaya Kalekye alipolisukuma, na kabla hajaingia vizuri watu wawili walikuwa tayari wanamweleza kesi kwa pamoja, kila mmoja akijaribu kumzidi mwenzake sauti. Aliinua mkono. Alikuwa amekaa miaka ishirini na sita kwenye dawati la ripoti la kituo cha polisi, na mkono ule uliwahi kunyamazisha hata walevi wa Jumamosi.

"Mmoja mmoja," alisema. "Mwenye nyumba aanze, maana ndiye anapiga kelele zaidi."

Kalekye Ndululu alistaafu akiwa koplo, na Koplo ndilo jina lililombakia mtaani. Siku hizi alikuwa na ofisi ya chumba kimoja huko Ayany, juu ya duka la nafaka, yenye kibao kilichoandikwa UPELELEZI WA NYUMBA ZA KUPANGA. Mwaka wa kwanza watu walikicheka kibao hicho. Mwaka wa pili wakaanza kupanga foleni. Mabomba yaliyong'olewa, vioo vilivyopasuka, vitasa vilivyotoweka: nani kaharibu, na nani atengeneze. Sharti lake lilikuwa moja tu, kwamba pande zote mbili zimwite na zote zikubali atakachosema.

"Koplo, huyu mama amenikata kapeti," alisema Mzee Lusweti. Alikuwa mtu mrefu sana, mzee wa kanisa, na hata siku ya Ijumaa asubuhi alikuwa ndani ya suti ya kahawia na tai. "Kona zote nne! Amekata kama keki. Mimi sitaki matusi, sitaki vita. Alete kapeti nyingine kama hiyo, nimfungulie achukue vitu vyake aende."

"Kapeti kama hiyo itatoka wapi?" aliuliza Kalekye.

"Hapo ndipo shida iko. Hakuna tena. Hii ilikuwa ya hoteli kubwa mjini. Walipokuwa wanabomoa, mimi nikanunua yote. Wageni wa ng'ambo walikanyaga hii kapeti, Koplo."

Ploti yenyewe ilikuwa nyuma ya steji ya matatu iitwayo 56, Kawangware, vyumba kumi vya mawe vilivyotazamana, na juu ya lango pameandikwa LUSWETI EXECUTIVE kwa rangi ya bluu. Katika mtaa mzima hapakuwa na ploti nyingine ya chumba kimoja kimoja yenye kapeti la ukuta kwa ukuta. Lusweti alilipenda kapeti lile kuliko baadhi ya jamaa zake, na hakuwaficha.

"Haya. Mpangaji."

Wanza alikuwa mwanamke mfupi, mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini tatu zimechomekwa kwenye kola. Alikuwa ameshona nguo katika nyumba namba saba kwa miaka miwili. Mwezi huo alitoa notisi kwamba anahamia Ayany, Lusweti akaja kukagua chumba juzi, na jana Wanza alipokwenda mjini kununua zipu, alirudi na kukuta kufuli.

"Mimi sijakata kapeti ya mtu!" alisema. "Nikate nishone nini? Nani atavaa hiyo kitu? Koplo, sikiza. Huko ndani niko na gauni sita za wasichana wa kusindikiza bibi harusi. Harusi ni kesho asubuhi, huko Kibera. Zote zimebaki pindo, na kila pindo ni saa nzima kwa cherehani, hiyo kitambaa inateleza. Leo saa kumi na moja jioni lazima zikuwe kwa mwenyewe. Nisipoanza saa tano, nimekwisha. Nitaenda kufungua duka Ayany na jina gani? La yule fundi aliyeacha watu waende harusi na nguo hazijaisha?"

Machozi yalimjaa, akayapangusa kwa ncha ya tepu. Kalekye alitazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini.

"Fungua mlango," alisema.

Kufuli lilikuwa kubwa la kutosha benki. Funguo zilikuwa kiunoni mwa Morris, msimamizi wa ploti, mwanamume mnene wa makamo aliyesimama nyuma ya Lusweti muda wote akiitikia kwa kichwa kila alichosema bosi wake. Alifungua, akasogea kando, na wote wakavua viatu mlangoni kwa amri ya karatasi iliyobandikwa ukutani: SHERIA ZA PLOTI, kumi na mbili kwa jumla. Soksi ya kushoto ya Kalekye ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba, na Lusweti akaliona. Kalekye naye akamwona akiliona.

Alisoma sheria ya saba kwa sauti. "'Mpangaji atarudisha kapeti kama alivyolipata, isipokuwa uchakavu wa kawaida.' Hii uliandika wewe?"

"Niliandikiwa cyber, kwa kompyuta. Lakini maneno ni yangu."

"Vizuri. Tutaenda na maneno yako."

Chumba kilikuwa safi. Cherehani chini ya dirisha, kitanda kimefunikwa, kapu la vipande vya vitambaa, na gauni sita za samawati zimening'inia kwenye waya kutoka dari. Wanza alinyoosha mkono kuzielekea. Lusweti akakohoa, na mkono ukarudi.

Kalekye alianzia mlangoni. Kutoka hapo hadi kwenye cherehani, kapeti lilikuwa limepauka, maua ya dhahabu yamefutika, njia nyembamba inayoonekana wazi.

"Hii je?"

"Hapo ametembea sana," alisema Lusweti.

"Ulitaka apae?" Kalekye aliandika kwenye daftari lake: *njia ya mlangoni, uchakavu wa kawaida*. "Na hii alama nyeusi hapa?"

"Hiyo ni yangu," alisema Wanza haraka, kabla mtu mwingine hajafungua mdomo. "Ni pasi. Ilianguka mwezi wa Sita. Nilikuwa nataka kuweka kiraka na uzi wa rangi hiyo hiyo."

Kalekye akaandika hilo pia. Alikuwa na heshima kidogo kwa mtu anayekiri kosa ambalo hajaulizwa. Katika miaka yake yote kituoni alikutana nao wanne, na mmoja wao alikuwa amelewa.

Kisha akaenda pembeni, akapiga magoti.

Kona ilikuwa imekwisha. Mahali pa kapeti palikuwa na saruji tupu, umbo la robo ya sahani, na ya pili ilikuwa hivyo hivyo, na ya tatu. Ya nne ilikuwa nyuma ya kabati la mbao ngumu lililosogezwa katikati ya chumba. Kalekye alipitisha kidole kwenye ukingo. Nyuzi zilikuwa zimechambuka, moja ndefu, moja fupi, na gunia la chini lilikuwa limemumunyuka.

"Kabati hili nani alilisogeza?"

"Mimi, madam," alisema Morris. "Mimi na watu watatu. Juzi, mzee akikagua. Mmoja mpaka sasa mgongo unamuuma."

"Na kabla ya juzi?"

"Lilikuwa hapo hapo kwa kona. Tangu mama aingie."

"Kwa hivyo, Mzee Lusweti, unaniambia huyu mama, ambaye hanifiki begani, alisogeza peke yake kabati la wanaume wanne, akakata kona, akalirudisha, na jirani hakusikia."

Lusweti alijinyoosha. "Koplo, sitaki kusema vibaya. Lakini wewe ni Ndululu, yeye ni Wanza. Nyinyi ni watu wa nyumbani kumoja. Na watu wa Kitui hamshindwi na jambo."

"Tungekuwa hatushindwi, mzee, tungeanza na hiyo kufuli yako."

Wanza alicheka bila kutaka. Kalekye alichukua tochi, akamulika pale kabati lilipokuwa, na kwenye vumbi akaona punje nyeusi, nyembamba, zilizotapakaa kando ya ukuta. Aliokota moja kwa karatasi.

"Panya," alisema.

"Ploti yangu haina panya!" Lusweti alisema hivyo kama mtu aliyetukaniwa mama.

"Haina, madam," alisema Morris. "Hii ni ploti ya executive. Labda hiyo ni mchele."

"Mchele mweusi?"

"Kuna mingine, madam. Ya kigeni."

"Si nilikuambia, Morris?" Wanza alimgeukia. "Mwezi wa Tatu nilikuambia nasikia panya nyuma ya kabati. Ukasema ni mimi ninaota!"

"Hata kama ni panya," Lusweti aliingilia, "ni panya wake. Wamefuata matambara yake. Na halafu, Koplo, niambie: ni panya gani huyo anapima? Kona nne, zote saizi moja, katikati hajagusa. Panya alikuja na rula?"

Hilo lilikuwa neno la kwanza la maana ambalo Lusweti alikuwa amesema tangu asubuhi, na Kalekye alikiri hivyo moyoni. Alilitazama kapu la vitambaa. Pamba, leso, satini, chakula kizuri cha panya, na hakuna hata kipande kilichotafunwa. Panya waliruka vyote hivyo wakaenda kona, na kona tu. Alimulika ukuta. Kutoka juu sana, karibu na dari, michirizi ya manjano ilishuka kwenye rangi nyeupe hadi chini sakafuni. Akaangalia kona ya pili. Michirizi. Ya tatu na ya nne pia. Aligusa mmoja kwa kidole, akakinusa, akakunja uso.

"Wanza, wewe hupika samaki humu?"

"Samaki? Mimi samaki hunitoa vipele mwili mzima. Tangu utotoni sijawahi kumweka mdomoni."

Kalekye aliandika mstari mmoja kwenye daftari na kuupigia mstari chini.

"Mimi nina ushahidi," alisema Lusweti, aliyekuwa ameanza kuona kesi inamponyoka. "Nilikuwa sitaki kumwaibisha. Nenda pale kwa Musimbi, yule mama wa chips na samaki, hapo mbele ya hardware. Angalia anakanyagia nini. Kipande cha kapeti yangu! Kimeshonwa kando vizuri na uzi. Na fundi wa kushona hapa ni nani?"

Wote walimgeukia Wanza. Wanza aligeuka rangi. "Hiyo ni kweli nilishona," alisema polepole. "Lakini aliniletea mwenyewe. Mimi nilipiga tu uzi kando."

Lusweti alitoka nje kwa ushindi, akamwamuru Morris arudishe kufuli. Ilikuwa saa nne kasoro dakika kumi.

* * *

Musimbi alikuwa na makarai mawili kwenye moto, moja la chips na jingine la samaki aina ya mbuta, na mkono mmoja tu wa kushughulikia yote mawili kwa sababu wa pili ulikuwa na simu. Alipomwona Kalekye aliiweka simu kwenye aproni.

"Karibu, mamaa. Kichwa ama mkia?"

"Nimekuja kuangalia kitu cha miguuni mwako."

Musimbi alitazama chini kwa wasiwasi, kisha akacheka. "Hii mkeka? Chukua uangalie. Nilidhani umetoka kanjo, wale wa kaunti wa kunifukuza hapa."

Kalekye aliugeuza. Ulikuwa kipande cha mstatili, urefu wa mkono, nyekundu iliyokolea, maua ya dhahabu bado yanang'aa. Ukingo chini ya uzi wa Wanza ulikuwa umenyooka, umekatwa kwa kisu kikali. Hata uunganishe robo sahani nne namna gani, huwezi kupata kitu kama kile. Tena kilikuwa hakijawahi kupigwa na jua la dirishani. Kilikuwa kipande cha mabaki, kilichobaki siku kapeti lilipotandikwa.

"Nani alikupa?"

"Morris. Wa hapo kwa Lusweti. Alinipa juu ya mafuta."

"Mafuta gani?"

"Si ni haya ya kukaangia." Musimbi alionyesha karai la samaki kwa kijiko chake kirefu. "Mimi nikikaanga nayo mpaka ikuwe nyeusi, inaanza kutoa povu, hiyo siuzii mtu. Namwaga. Sasa huyo Morris kila mwaka, ile wiki ya Krismasi, anakuja na dumu la lita tano. Ananiambia, Musimbi, usimwage, niwekee mimi. Nikamwambia basi hata na wewe niletee kitu. Ndiyo akaleta hii mkeka."

"Alisema mafuta ni ya nini?"

"Ya milango. Eti bawaba zinalia, anapaka."

Kalekye alikumbuka lango alilolisukuma asubuhi. Lango lile halikuwa limeonja mafuta tangu lipachikwe.

"Nisaidie na tone moja," alisema.

Musimbi, aliyezoea maombi ya ajabu kutoka kwa wateja, alichovya kijiko na kumdondoshea kwenye karatasi. Kalekye alisubiri lipoe, akalinusa. Kisha akanunua mkia, kwa sababu saa nne ilikuwa imepita na hakuwa amekunywa hata chai, akaula akitembea.

* * *

Aliporudi, Wanza alikuwa ameketi chini nje ya namba saba, kichwa kimeegemea mlango, na Lusweti alikuwa kwenye kiti cha plastiki mkabala naye. Wapangaji wengine walikuwa wameanza kutoka vyumbani na kusimama, wakijifanya wanaanika nguo.

"Morris yuko wapi?"

"Ameenda haja," alisema Lusweti.

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu... uliposema unaenda kwa Musimbi."

Kalekye aliangalia mlango wa choo cha ploti. Ulikuwa wazi, na hakuna mtu. Alivuta pumzi, akatoa kipimo chake cha mkanda mfukoni.

"Mzee, nataka maswali matatu tu. La kwanza. Ile michirizi ya ukutani inaanzia mita mbili na robo kutoka chini, nimepima kwa macho lakini tutaipima tena. Wanza, simama uinue mkono."

Wanza akasimama kando ya ukuta wa nje, akanyoosha mkono. Hakufika hata mita mbili. Mpangaji mmoja akajaribu naye bila kuitwa, akashindwa. Kisha, bila mtu kusema neno, ploti nzima ikamtazama Mzee Lusweti, ambaye akiwa ameketi tu kichwa chake kilikuwa kimefikia dirisha.

"Simama, mzee. Inua mkono."

Alisimama. Mkono ulifika mita mbili na robo, na nukta moja zaidi.

"La pili. Ulikuwa unafanya nini na mafuta kwenye kona za nyumba ya watu?"

Kalekye alitarajia akane. Badala yake uso wa Lusweti uling'aa.

"Maombi, Koplo! Kila Jumapili ya kwanza ya mwaka ninaziombea nyumba zangu. Zote kumi na yangu mwenyewe. Ninamwaga mafuta ya upako kona nne, kutoka juu, hata kama kuna kabati, yashuke mpaka chini. Hiyo ndiyo inalinda hii ploti. Umewahi kusikia wizi hapa?"

"Na wapangaji wanakuwa wapi?"

"Ushago, kwao kijijini. Hawajarudi kutoka Krismasi. Wakiwepo wengine wananisumbua, eti wao ni wa kanisa lingine. Kwa hivyo ninatumia funguo za spea."

"Uliingia kwangu nikiwa Kitui?" Sauti ya Wanza ilisikika hadi mlango wa tatu. "Na chupi zangu ziko kwa waya?"

"Nilifunga macho, mama. Nilikuwa kwa maombi."

Vicheko vilivuma kwenye kamba za nguo. Lusweti alikunja uso, lakini masikio yake yalikuwa yamebadilika rangi.

"La tatu," alisema Kalekye. "Hayo mafuta ni ya nini?"

"Ya zeituni. Safi. Kutoka duka kubwa mjini. Nampa Morris pesa, ananiletea kwa chupa."

"Umewahi kuyanusa?"

Lusweti alisita. "Yana harufu kidogo. Nilidhani ndiyo harufu ya nchi za nje."

Kalekye alimpa ile karatasi ya Musimbi. Lusweti aliinusa, akaitazama, akainusa tena. Kalekye alimsimulia yote kuhusu dumu la lita tano, povu, mkeka wa miguuni, na bawaba za milango. Alimsimulia kwa sauti ya kawaida, kama alivyokuwa akisoma taarifa kituoni, na alipofika kwenye mbuta mzee akaketi.

"Panya hakupima, mzee. Wewe ndiye ulimpimia. Chupa ile ile, mkono ule ule, kona zote nne. Alikula mpaka pale mafuta yalipoishia, akasimama."

"Hapana," alisema Lusweti. "Huwezi kuthibitisha. Hiyo ni nyumba moja tu."

"Ulisema ulimwaga kumi na moja. Twende kwako."

Nyumba ya Lusweti ilikuwa ile ya mbele, karibu na lango, na kapeti lake lilikuwa limetunzwa kwa vitambaa vya kufunika kila mahali. Kona zake mbili zilikuwa nyuma ya sofa. Mzee hakukubali mtu amsaidie. Alivua koti, akalivuta sofa peke yake, na saruji ikaonekana, robo ya sahani, safi kabisa. Panya mmoja mnono alikuwa ameketi hapo. Aliwatazama, hakuona sababu ya haraka, akaingia nyuma ya pazia akitembea.

Lusweti alibaki ameshika mkono wa sofa.

"Miaka mitatu," Lusweti alisema mwishowe. "Miaka mitatu nimekuwa nikisimama mbele ya Mungu na mafuta ya samaki."

"Mungu anajua ulichokusudia," alisema Kalekye. "Lakini panya alinusa ulichomwaga. Mzee, nimeamua. Njia ya mlangoni ni uchakavu wa kawaida, si kosa la mtu. Alama ya pasi ni ya Wanza, na ataweka kiraka. Kona nne ni zako. Uliingia bila ruhusa, ukamwaga kwa mkono wako. Morris utajuana naye wewe. Sasa fungua ule mlango."

Lusweti alipapasa mfuko wa suruali. Akapapasa wa pili. Kisha akakumbuka funguo zilikokuwa, na zilikuwa kiunoni mwa mtu ambaye wakati huo pengine alikuwa ameshapita steji ya Kongo akikimbia.

"Na za spea?"

"Kufuli ni mpya. Zote alikuwa nazo yeye."

Wanza aliketi tena chini na kuanza kulia, safari hii bila kujificha. Kalekye alitazama saa: saa nne na nusu. Akaenda hardware, akarudi na msumeno wa kukatia chuma, akampa Lusweti.

"Kata."

"Koplo, nimeambiwa hii kufuli haikatwi."

"Nani alikuambia?"

"Aliyeniuzia."

"Kata, mzee."

Akakata. Mikono ya shati ikakunjwa, tai ikatupwa begani, na mzee wa kanisa akasaga chuma mbele ya wapangaji wake wote, huku mmoja akimwambia ashikilie chini, mwingine akimwambia abadilishe upande, na wengine wakirudi vyumbani mmoja mmoja kuvuta vitanda na makabati. Kila baada ya dakika chache kelele ilitoka ndani: "Hapa pia!" Namba mbili. Namba tisa. Namba tano, kona tatu, ya nne ikiwa imezuiwa na friji. Kila kelele ikimfikia, Lusweti alikata kwa nguvu zaidi bila kuinua kichwa.

Kufuli lilianguka saa tano kasoro dakika tano. Wanza alipita chini ya mkono wake bila kusema asante, akashusha gauni la kwanza, akaketi, na cherehani ikaanza.

Lusweti alibaki mlangoni, shati limelowa, msumeno mkononi. Kalekye alikuwa anafunga daftari. Kisha akalifungua tena, kwa sababu kulikuwa na swali ambalo koplo yeyote wa dawatini angeuliza.

"Mzee, hii miaka mitatu. Kuna mpangaji mwingine aliyehama ukamshikia vitu kwa sababu ya kona?"

Lusweti alikwenda hadi kwenye stoo iliyokuwa mwisho wa vyumba, akatoa ufunguo mdogo kwenye mfuko wa shati, akafungua. Ndani, kati ya makopo ya rangi na matairi, kulikuwa na kitanda cha mtoto cha mbao, kimepakwa rangi ya kijani, na jina limechorwa kichwani kwa herufi za mkono: Derrick.

"Mwezi wa Tano," alisema. "Mama mmoja. Nilimwambia akileta kapeti nitamrudishia."

"Anaitwa nani?"

Lusweti alifikiri. Aliona aibu, na haikuwa aibu ya kuchekwa tena. "Alikuwa namba nne," alisema.

"Mercyline," alisema Wanza kutoka ndani, bila kusimamisha cherehani. "Yuko Kibera siku hizi, upande wa Laini Saba. Mtoto analala chini. Alilia hapo langoni, mzee, na wewe ulikuwa umesimama hapo hapo."

Lusweti alikitoa kitanda hadi uani na kukiweka chini polepole. Alikipangusa vumbi kwa koti lake la suti, akaendelea kukipangusa hata baada ya vumbi kuisha.

"Koplo, kutafuta mtu ni kazi yako, na nitakulipa. Lakini tukifika kwa huyo mama, nitamwambia nini?"

"Hiyo si kazi yangu," alisema Kalekye. "Shika upande wa kichwa. Mimi nashika wa miguu."

Wakakiinua, wakatoka nacho. Lango lilipiga kelele tena walipolifungua, na nyuma yao Wanza akamaliza pindo la kwanza, akakata uzi kwa meno.